Vibanda vya kuandikisha malalamiko Lubumbashi: wapi wataandika kesi yako, wapi wataandika matusi yako

Kando ya majengo ya mahakama mjini Lubumbashi, na karibu na ofisi za komini kama Kenya, Katuba na Kampemba, hukosi kibanda cha birotiki: meza, kompyuta, printa, mashine ya fotokopi, na betri chini ya kiti kwa ajili ya umeme unaokatika. Humo ndimo wengi wanaandikishia malalamiko yao ya kupeleka parke (ofisi ya waendesha mashitaka) au kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), kwa sababu avoka (wakili) ni ghali na barua yenyewe inaandikwa kwa Kifaransa. Tunapima kazi hiyo moja tu. CV, barua za kuomba kazi na mialiko ya harusi, kila kibanda kinaweza.

Mteja anafika moto na kusema kama watu wote wa hapa wanavyosema: "Ule baba ni mwizi, ni eskro (tapeli), alikula falanga yangu yote!" Mwandishi anayejua kazi anaacha kibodi na kuuliza: alifanya nini, siku gani, mbele ya nani? Asiyejua anaanza kupiga chapa hapo hapo. Ukiona vidole vinakimbia kabla hujamaliza kueleza, simama utafute kibanda kingine.

Mtaani neno "mwizi" linabeba kila mtu: aliyevunja dirisha, aliyekopa akakimbia, komisionere (dalali wa nyumba) aliyekula garanti (amana ya mpangaji), hata shemeji aliyeuza kiwanja cha familia. Kwa hakimu hao ni watu wanne tofauti, na mmoja wao huenda hana kosa la jinai kabisa. Kanuni ya adhabu ya Kongo, dekreti ya tarehe 30 Januari 1940 pamoja na marekebisho yake, haiadhibu tabia ya mtu. Inaadhibu kitendo, na kila kitendo kina vipande vyake. Kipande kimoja kikikosekana, jina ulilompa halishiki.

Chukua wizi wenyewe, "vol", kifungu cha 79. Lazima mtu awe amechukua kitu kisicho chake bila wewe kumpa, kwa nia ya hila. Ukimpa kwa mkono wako mwenyewe, si wizi tena. Hapo ndipo barua nyingi zinapoanguka. Mama anasema fundi "ameiba" simu yake, kumbe alimwachia aitengeneze. Simu aliipokea kihalali, kosa lilianza pale alipoiuza badala ya kuirudisha. Hiyo ni "abus de confiance", kifungu cha 95: kitu au pesa uliyopewa ili uirudishe, au uitumie kwa kazi fulani, nawe ukaila au ukaipeleka kwingine. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Mfano wa kila siku ni kijana aliyepewa dola akanunue mzigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akarudi mikono mitupu akisema ameibiwa njiani.

"Escroquerie", kifungu cha 98, ina adhabu ya kifungo kama hiyo lakini ni mnyama mwingine. Hapa uongo unatangulia pesa. Mtu anatumia jina la uongo, cheo cha uongo au maigizo ya kukuaminisha kwamba kuna biashara au uwezo ambao haupo, na ni kwa sababu ya uongo huo ndiyo unatoa pesa. Komisionere anayeonyesha nyumba moja kwa wapangaji watatu, anashika garanti tatu, na funguo hana, huyo ni eskro kamili. Lakini fundi seremala aliyekuwa na karakana ya kweli, akapokea pesa ya kitanda, halafu akashindwa kukimaliza, usimwite hivyo haraka. Mwandishi mzuri atakuuliza: siku ulipompa pesa, alikuambia nini ambacho hakikuwa kweli siku ile ile? Ukikosa jibu, "escroquerie" haimo.

Na mdeni? Huyu ndiye anayetukanwa kuliko wote mjini, na ndiye anayeponyoka kirahisi zaidi. Kukopa na kushindwa kulipa si kosa la jinai, hata akiwa anazima simu kila akiona namba yako. Ni kesi ya madai. Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu Septemba 2012, na humo kuna njia ya "injonction de payer" (amri ya hakimu ya kulipa) kwa deni lenye maandishi, kiasi kinachojulikana na muda uliokwisha kupita. Kibanda kinachokuandikia deni tupu kama "escroquerie" ili mdeni "aogope kidogo" kinakuuzia hatari. Siku OPJ akisoma karatasi yako ya kukopeshana yenye sahihi mbili, faili inageuka mbele yako. Tena kusingizia mtu kwa makusudi mbele ya mamlaka ni kosa lenyewe, kifungu cha 76, na waliotishwa kwa barua za namna hiyo siku hizi wanakijua.

Aliyeuza kiwanja kisicho chake ana jina lake, "stellionat", kifungu cha 96. Vibanda vingi hata havijalisikia, vinaandika "vol de parcelle" (wizi wa kiwanja). Parseli haibebwi begani. Aliyenunua televisheni yako akijua imeibwa naye ana kifungu chake, cha 101, "recel". Akiwa hakujua, hana kosa hilo, kwa hiyo barua lazima ionyeshe alijuaje: bei ya kutupa, saa za usiku, kitu kisicho na karatasi.

Sasa maneno mengine ambayo wateja wanayaleta mezani na yanayopaswa kubaki mezani. Voyou, bandi, malaya, ndumba, mulevi, muongo, mtu asiye na haya. Hakuna hata moja linalosaidia kesi. Hakimu hapimi kama jirani yako ni mulevi, anapima kama alivunja ukuta wako. Vibanda vibaya vinayaacha humo, tena vinayapamba: tumeona barua inayomwita mshitakiwa "bandit de grand chemin" (jambazi wa barabara kuu) kwa sababu ya baiskeli ambayo haikurudishwa. Msomaji wa parke akikutana na sentensi hiyo anajua barua imeandikwa kwa hasira, na anaanza kutafuta kilichofichwa.

Kuna neno moja ambalo kibanda lazima kilikatae kabisa: mulozi, yaani mchawi. Ukimshitaki mtoto kwa uchawi, mwenye kosa ni wewe. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini ya kuanzia faranga 200.000 hadi 1.000.000 kwa anayemtuhumu mtoto uchawi. Kibanda kinachokubali kuandika barua kama hiyo, hata kwa mteja anayelia, hakistahili mteja mwingine.

Hapo pia ndipo unapojua kama mwandishi anafikiria kesho yako. Akiwa mzuri, atakuonya kuhusu ulichokwisha kusema nje ya barua. Kumtangaza mtu hadharani kwa tendo mahususi la aibu, kwa nia mbaya, ni kifungu cha 74: siku 8 hadi mwaka 1. Kumtukana tu hadharani, "malaya wewe", bila tendo mahususi, ni kifungu cha 75: siku 8 hadi miezi 2. Ukisema "mwizi" ni tusi. Ukisema "aliiba mchango wa kanisa siku ya Pasaka" umeingia kwenye 74. Matusi ya WhatsApp nayo hayako nje ya sheria, maana tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna Code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali) inayogusa yanayotendwa mtandaoni. Na kupiga kelele za "mwizi!" katikati ya soko ni jambo lingine kabisa, kwa sababu umati hauna vifungu. Una mawe na matairi.

Tuje kwenye vibanda vyenyewe. Havitajwi kwa majina hapa, maana vinahama na kubadilisha wenyewe, lakini vinagawanyika vizuri kwa mahali na kwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Vile vya mlangoni mwa mahakama vina faida moja kubwa: vinajua barua inaandikiwa nani. Kichwa cha barua kinatoka sawa, Mwanasheria wa Jamhuri (procureur) wa tribinali ipi, tena kwa cheo chake kamili. Hili si dogo. Makosa yenye adhabu isiyozidi miaka 5 yanasikilizwa na tribunal de paix (mahakama ya amani), na "abus de confiance" na "escroquerie" zote zimo humo. Ubaya wao ni modeli. Barua imeshaandikwa kabla hujafika. Wanabadilisha majina na kiasi tu. Ndiyo maana unakuta maneno yale yale matatu yamefuatana katika kila barua, "vol, escroquerie et abus de confiance", kama chumvi, sukari na pilipili katika chungu kimoja. Kitu kile kile hakiwezi kuchukuliwa bila wewe kutoa na wakati huo huo kutolewa na wewe. Mbaya zaidi ni mabaki ya mteja aliyetangulia: jina la avenue ya mtu mwingine, au "mume wangu" katika barua ya mwanamume. Haraka yao inakufaa ukija na maelezo yaliyopangika. Ukija umechanganyikiwa, utatoka umechanganyikiwa na karatasi mkononi.

Vya kwenye komini na kartie ni rafiki zaidi kwa mfuko na kwa sikio. Mwandishi anakaa mtaa mmoja nawe, anaelewa unaposema "yule bayere (mwenye nyumba) wa kona". Kwa barua ya kwenda kwa chef de quartier (mkuu wa kartie) ili muitwe na kupatanishwa, vinatosha kabisa, na mara nyingi ugomvi wa jirani unamalizikia huko huko. Kwa parke, hapana. Kifaransa chao kinafuata mdomo wa mteja neno kwa neno, na matusi yote yanavuka mpaka yakiwa mazima.

Wanaofanya vizuri kuliko wote ni vijana waliosoma droit (sheria) na kukodi kona ya meza katika kibanda cha mwingine. Wanauliza maswali mpaka unachoka, na maswali hayo ndiyo unayolipia. Kasoro yao ni kupenda kuonyesha shule: kurasa 4, Kilatini, na mafundisho ya maprofesa. Waambie mapema: ukurasa mmoja na nusu, na vifungu viwili visizidi. Anayesoma barua hizi ana rundo mezani.

Barua iliyokamilika ina nini? Juu, mahali na tarehe. Majina yako kamili, avenue, namba ya nyumba, kartie, komini na simu. Kisha ya unayemlalamikia, kwa kadiri unavyoyajua. Usipomjua, barua inakwenda "contre inconnu" (dhidi ya asiyejulikana), na si aibu. Usikubali kuongezewa "et consorts" (na wenzake) kama huna wa pili, kwa sababu utaulizwa ni akina nani. Halafu matukio kwa mpangilio wa tarehe, sentensi fupi, kitendo kimoja kwa sentensi. Angalia tofauti. Barua mbaya inasema: mtu huyu ni tapeli sugu aliyeninyonya kwa ujanja wake wa kishetani. Barua nzuri inasema: tarehe 3 Mei saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mbele ya shahidi mmoja, nilimkabidhi dola 400 anunue mashine ya kusaga Kasumbalesa; alipaswa kuileta tarehe 10; tarehe 12 alikiri kwa ujumbe wa simu kwamba pesa amelipia kodi ya nyumba yake. Katika maelezo hayo hakuna tusi hata moja, na kila kipande cha kifungu cha 95 kimo: alikabidhiwa, kwa kazi maalumu, akaitumia kwingine, nami nimepata hasara.

Baada ya hapo inakuja hasara kwa tarakimu na kwa maneno. Kosa la kawaida sana liko hapa: juu imeandikwa dola, chini faranga, au sifuri moja imezidi. Kiasi kisicholingana ni zawadi kwa avoka wa upande wa pili. Mwisho orodha ya vielelezo: risiti, karatasi ya kukabidhiana, picha za ujumbe wa simu zilizochapwa, uthibitisho wa pesa iliyotumwa kwa simu. Ambatisha fotokopi tu. Asili zinabaki kwako na zinaonyeshwa zikiombwa. Kibanda kinachosema "acha original hapa, tutazipeleka" kinyime hata kalamu. Na usifute ujumbe kwenye simu kwa sababu umeshauchapa.

Kabla ya sahihi, mwandishi anapaswa kukusomea barua yote kwa Kiswahili, polepole. Vibanda vichache vinafanya hivyo bila kuombwa. Omba. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi, lakini atakayeulizwa maswali na OPJ ni wewe, na ukijibu tofauti na ulichosaini, barua yenyewe inageuka shahidi dhidi yako. Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba, na jina la aliyemsomea liandikwe chini.

Chapa nakala 3. Moja inabaki parke, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe na kurudi nawe, ya tatu ni ya akiba nyumbani. Faili ikifunguliwa inapata namba ya RMP (rejista ya parke). Namba hiyo iandike nyuma ya nakala yako yenye muhuri, maana bila hiyo kila ukirudi utaanza kueleza upya kutoka mwanzo.

Bei inahesabiwa kwa ukurasa, na kuchapa nakala ni hesabu ya pembeni. Uliza zote mbili kabla ya kukaa. Kibanda kinachopanga bei kwa ukubwa wa pesa unayodai ("dola 2.000? Basi hii ni kesi kubwa, papa") kinakula ambapo hakikulima, maneno ni yale yale. Kutajiwa "nafahamiana na mtu ndani, ongeza kidogo faili ipite" ni dalili ya kuondoka. Huwezi kuandika barua juu ya eskro kupitia kwa eskro mwingine. Kesi ikiwa nzito na huna uwezo, baro (chama cha mawakili) ina Bureau des consultations gratuites (ofisi ya ushauri wa bure), na ni bora kusubiri zamu huko kuliko kumlipa msaidizi wa korido.

Mwandishi mwenye akili anauliza tarehe ya tukio mapema, kwa sababu muda unakufa. Makosa ambayo adhabu yake ya juu ni mwaka 1 au chini, kama matusi, yanazeeka baada ya mwaka mmoja. Yale yanayofika hadi miaka 5, kama "escroquerie" na "abus de confiance", baada ya miaka 3. Kibanda kilichowahi kumrudisha mteja kwa sababu hiyo, badala ya kuchukua pesa yake, kina alama zetu zote.

Jambo moja ambalo karibu kila kibanda kinashindwa, kizuri na kibaya: siri. Barua yako inabaki kwenye kompyuta, mara nyingi juu kabisa ya skrini, ikiwa na jina la unayemlalamikia kama jina la faili. Mteja wa baadaye anaweza kuwa ndugu yake. Njoo na fleshi yako, nakili barua, kisha mwambie mwandishi aifute mbele ya macho yako, pamoja na kwenye pipa la taka. Kama aliituma kwa WhatsApp ili aichape kwenye kompyuta nyingine, ifutwe huko pia. Karatasi zilizoharibika kwenye printa nazo ondoka nazo, maana sokoni zinafungiwa karanga.